Mashine ya sukari niliyonunua Mwanjelwa, baada ya miaka miwili ya Mbeya–Dar

Nianze na bei, maana najua ndiyo mliyoifuata. Mashine yangu ya kupimia sukari kwenye damu niliinunua 45,000 kwenye duka la vifaa tiba pale Mwanjelwa, Mbeya. Ndani ya boksi kulikuwa na stripu 10 (vile vijiti bapa vya kupokea tone la damu), kalamu ya kutobolea kidole, visindano 10 na kimfuko cheusi chenye zipu. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu kasoro nitakazosema ni za ukoo mzima wa mashine hizi, na sitaki mtu adhani akikimbilia kampuni ya pili amepona.

Mimi ni dereva wa Fuso. Napakia viazi Isongole, milimani Rungwe, nashusha Mabibo, Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800 kwenda tu. Sukari ninayo tangu 2021. Natumia vidonge vya aina mbili, kimojawapo glibenklamidi, na hicho ndicho kilichonipeleka kutafuta mashine. Glibenklamidi haiulizi kama umekula. Ukimeza asubuhi halafu ukakuta foleni kwenye mzani na mama ntilie yuko mbali, yenyewe inaendelea kushusha sukari tu. Siku moja nilikuwa nakaribia Kitonga, mzigo umejaa, jasho jembamba likaanza kunitoka na mikono ikawa inatetemeka. Utingo wangu akaniangalia: "Braza, mbona unaongea kama umelewa?" Nikaegesha kabla ya mteremko, nikanywa soda nzima, nikakaa kama nusu saa mpaka dunia ikatulia. Sukari ilikuwa ngapi, sijui mpaka leo. Wiki iliyofuata nikaenda Mwanjelwa.

Kuitumia ni rahisi kuliko simu. Unachomeka stripu, inajiwasha, unagusisha tone la damu, sekunde tano namba imetoka. Toboa pembeni ya ncha ya kidole, si katikati, maana katikati panauma na ndipo unaposhikia usukani. Na usikamue kidole kama unakamua nguo, yale majimaji ya mwilini yanachanganyika na damu, unapata namba ya uongo. Betri ni ile ya duara, CR2032, kama ya rimoti ya gari. Nimebadilisha mara moja tu, na niliinunua kwa fundi saa aliyekaa chini ya mwavuli.

Kabla hujaondoka dukani, hakikisha inasoma kwa mmol, kipimo wanachokiandika hospitali zetu. Kuna zinazosoma kwa mg. Rafiki yangu mmoja aliletewa yake kutoka nje, siku ya kwanza ikamwandikia 142, utingo wangu akaanza kumpa pole kama msiba. Gawanya kwa 18, ni 7.9 tu, na mtu alikuwa ametoka kula ugali.

Sasa habari ya baridi, ambayo kwenye boksi imeandikwa kwa herufi za sisimizi. Mashine hii inafanya kazi kati ya nyuzi 10 na 40. Mtu wa Dar hilo halimhusu. Mimi mwezi wa saba saa kumi na moja alfajiri niko Isongole nasubiri magunia, nyasi zimepauka kwa umande ulioganda, nimelala ndani ya kabini na mashine imelala kwenye dashibodi. Nachomeka stripu, badala ya namba inaleta kapicha ka kipimajoto, basi. Mara ya kwanza nilidhani imekufa. Nikaipiga piga kama redio. Ukiona hivyo, iweke kwapani ndani ya koti, pamoja na mkebe wa stripu, kwa robo saa hivi. Usiiweke juu ya hita ya gari wala karibu na jiko la mkaa. Siku hizi nalala nayo ndani ya koti, mke wangu anasema nimeoa mara ya pili. Mwinuko wenyewe hauna shida, maelekezo yanasema hadi mita 3,000, na hata ukipanda kilele cha Mlima Rungwe hufiki hapo.

Joto ni baya zaidi kwa sababu halikuambii kitu. Safari moja niliacha mkebe wa stripu kwenye dashibodi nikiwa Ruaha Mbuyuni, jua la mchana, nimeshuka kununua vitunguu na kupiga soga. Stripu zinatakiwa zikae chini ya nyuzi 30. Nyuma ya kioo cha Fuso pale Ruaha Mbuyuni unaweza kukaangia yai. Toka hapo zikawa zinanipa namba za ajabu, asubuhi 5, baada ya dakika mbili 11, kidole kile kile. Zilikuwa zimebaki stripu 32. Nikazitupa zote, na moyo uliniuma kuliko pancha ya tairi mbili.

Na mikono, jamani, mikono. Kuna siku ilinisomea 19.6. Nikaanza kufikiria wosia. Utingo akauliza, "Si umetoka kumenya chungwa?" Nikanawa kwa sabuni na maji, nikajikausha, nikapima kidole kingine: 8.4. Ile sukari ilikuwa ya chungwa, imekaa kwenye ngozi. Spiriti peke yake haitoshi kuiondoa, na ukitumia spiriti subiri ikauke kabisa.

Kuhusu usahihi nilimuuliza mtaalamu wa maabara nilipokwenda kliniki, nikiwa nimeudhika kwamba maabara ilinipa 9.1 na mashine yangu 10. Akacheka. Akaniambia kuna kiwango cha kimataifa, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinachotaka vipimo 95 kati ya 100 viwe ndani ya asilimia 15 juu au chini ya maabara, ukianzia sukari ya 5.55. Yaani 10 ya maabara, kwenye mashine inaweza kuwa 8.5, inaweza kuwa 11.5, na mashine haijakosea. Ikiwa chini ya 5.55, inaruhusiwa kupishana kwa 0.83. Kwa hiyo mashine hii si ya kukuambia una kisukari au huna, hiyo kazi waachie maabara. Ni ya kukuonyesha unapanda au unashuka, na kwa dereva, kama una 4 usiwashe gari. Kitu kimoja nimekikosa kabisa: yale maji maalumu ya kuhakikia kama mashine bado inasoma sawa. Maelekezo yanayataja kana kwamba yanauzwa kila kona. Nimeuliza Mwanjelwa, Kabwe, Makambako na Iringa mjini. Iringa mtu aliniletea maji ya kusafishia miwani.

Haya, stripu.

Mkebe wa 50 naununua 38,000. Stripu moja ni 760. Daktari aliniambia nipime angalau mara mbili siku za safari, na mimi karibu kila siku ni safari. Fanya hesabu: 1,520 kwa siku, 45,600 kwa siku thelathini. Kila mwezi nanunua mashine nyingine. Hiyo ndiyo biashara yenyewe, mashine wanakuuzia kwa bei ya kawaida, halafu wanakuvuna kwenye stripu, na stripu za kampuni moja haziingii kwenye mashine ya nyingine hata ukizikata kwa wembe. Kwa hiyo ukienda dukani usianze na mashine. Uliza kwanza stripu, bei gani, zipo sasa hivi, na mwezi uliopita zilikuwepo? Kisha geuza mkebe usome tarehe ya kuisha muda, na angalia kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kuna duka niliuziwa mkebe uliobakiza wiki tano kwa bei ile ile ya mzima.

Kadi yangu ya bima inanilipia kumwona daktari, inanilipia vidonge, inalipia hata kipimo cha kliniki. Stripu za nyumbani nimekuwa nikinunua kwa mfuko wangu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tumeisikiliza redioni njia nzima, na nikikutana na mhusika nina swali moja tu: stripu zimo? Binti yangu anasomea uuguzi. Ananiambia Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu mwaka 2018, na kupima sukari kwenye damu kumo. Nikamwambia orodha nzuri, ila nimeona kwa macho yangu orodha inavyofika kijijini.

Hii hapa. Mama yangu anaishi milimani, upande wa Rungwe. Mwaka jana nilimpeleka kwenye zahanati ya karibu, sitaitaja, alikuwa anakunywa maji sana na kuamka usiku. Sista akasema kipimo hakuna. Nikamuuliza mashine haipo? Akavuta droo. Mashine zilikuwemo tatu, za kampuni tatu, kila moja ililetwa na watu wake kwa wakati wake, na zote safi kama zimetoka kiwandani. Mkebe wa stripu ulikuwa mmoja, haujafunguliwa, na haukuingia kwenye mashine hata moja kati ya zile tatu. "Mashine walileta wa kwanza, stripu wakaleta wengine," akasema, wala hakuwa na hasira, alishazoea. Bohari ya Dawa ina kanda hapa hapa Mbeya, barabara ni ya lami mpaka karibu, lakini stripu za mashine ya zawadi nani aliziagiza?

Nikauangalia ule mkebe. Ulikuwa wa mashine yangu.

Nikaenda kwenye gari nikaichukua. Tarehe ya mkebe ilikuwa imebaki miezi miwili. Akampima mama: 16.2. Nikasema hebu nawa tena, mama, akanawa, akapimwa kidole kingine, 15.8. Pale kwenye benchi wakawa wameshasikia. Mzee mmoja akasogea, "Na mimi, mwanangu, miguu inawaka moto." Sista aliniangalia, nikamwambia endelea, magunia yangu hayaozi leo. Aliwapima watu tisa asubuhi ile. Kalamu yangu ya kutobolea sikuitoa, hiyo ni ya mtu mmoja kama mswaki. Alitumia visindano vya zahanati, kila mtu chake na kinaingia kwenye kasha la sindano, na mashine akaifuta kila baada ya mtu. Kati ya tisa, wawili walikuwa juu ya 11 na walikuwa hawajui kitu. Akawaandikia rufaa, pamoja na mama.

Mashine niliiacha pale, na nikanunua nyingine, ile ile, na zile stripu 10 za kwenye boksi zilinisaidia wiki ya kwanza. Kwa hiyo nina uzoefu na mbili. Ya pili iko sawa na ya kwanza, isipokuwa zipu ya mfuko ilikatika mwezi wa tatu.

Nikitoa maksi: mashine yenyewe naipa nne kati ya tano, imekosa moja kwa ajili ya baridi, ingawa nadhani waliotengeneza hawakuwahi kulala Isongole mwezi wa saba. Stripu naipa mbili, kwa bei, na kwa kupotea sokoni. Duka naipa nne, si kwa sababu ni rahisi kuliko wengine, wapo wanaouza pungufu kwa elfu mbili, ila yule dada wa pale ananikumbuka. Ananiambia ukweli mzigo ukichelewa, na mara moja alinikataza kununua mkebe ambao kifuniko kilikuwa kimelegea, maana stripu zikishapigwa na unyevu zimekwisha. Wenzangu wa barabarani mnaopima, msiuache mkebe wazi hata wakati mnajibu simu. Na andikeni juu yake tarehe mliyoufungua, maana ukishafunguliwa una muda wake, wa kwangu ni miezi mitatu, haijalishi tarehe iliyochapishwa.

Mama sasa anatumia vidonge vya sukari vya metformini, juzi alikuwa 8.1 kabla ya chai. Ule mkebe wa zahanati uliisha zamani. Wagonjwa wa pale kijijini wanachanga elfu moja kila mtu akipimwa, mwalimu mstaafu ndiye anayeshika pesa, zikitimia ananitumia kwa simu mimi nibebe stripu nikipanda kupakia.

Yule dada wa duka alinipigia jana mchana nikiwa Mafinga. "Kaka, zimeingia mikebe minne tu, nikuwekee mmoja?" Nikamwambia aniwekee miwili.