Life of Pi: zima taa kwanza

Ukitaka kuitazama Life of Pi, filamu ya mwongozaji Ang Lee, zima taa, kisha ingia kwenye mipangilio ya runinga uondoe ule mkuzo unaoifanya picha ijae kioo chote. Kuna tukio la samaki warukao ambapo kingo nyeusi zinajitokeza juu na chini, picha inakuwa nyembamba, halafu samaki wanazivuka zile kingo kana kwamba wanatoka nje ya filamu. Katika banda moja la video pale Mwanjelwa, Mbeya, picha ilikuwa imekuzwa, kingo zikakatwa, na ufundi wote ukapotea. Safari hii tumeitazama nyumbani Tukuyu, kwa projekta ya kukodi na shuka jeupe ukutani. Samaki walipokuja, mpwa wangu wa darasa la sita aliinamisha kichwa.

Filamu imetokana na riwaya ya Yann Martel, iliyotoka mwaka 2001 na kupata tuzo ya Booker mwaka uliofuata. Pi, kijana wa Pondicherry, India, anazamiwa na meli, anabaki kwenye boti la kuokolea pamoja na chui milia aitwaye Richard Parker, siku 227. Boti moja, mnyama mmoja, maji. Ungempelekea prodyusa hadithi hiyo angekuuliza picha iko wapi.

Ang Lee aliipata picha ndani ya maji yenyewe. Alijenga bwawa kubwa lenye mashine za mawimbi Taichung, Taiwan, akamweka humo Suraj Sharma, kijana ambaye hakuwa ameigiza kabla, na chui ambaye sehemu kubwa ametengenezwa kwa kompyuta. Aliyewahi kuamka Matema kabla upepo haujaanza, milima ya Livingstone imelala kichwa chini ndani ya Ziwa Nyasa na mtumbwi unaonekana kuning'inia hewani, ataelewa alichofanya mpigapicha Claudio Miranda. Bahari inatulia hadi mbingu na maji vinashikana, na boti linabaki katikati ya mawingu. Hapo upweke wa Pi unaonekana kwa macho, hakuna haja ya mtu kuueleza.

Si kila kitu kimenigusa. Kisiwa cha nguchiro kina rangi tamu kupita kiasi, na mazungumzo ya Pi mtu mzima na mwandishi anayemsikiliza yanarefuka, ingawa Irrfan Khan anamwigiza Pi huyo kwa utulivu unaovutia.

Ila mwisho! Sitausimulia. Nitasema tu kwamba Pi, akiwa kitandani hospitalini, anawapa maofisa wawili wa Kijapani wanaochunguza kuzama kwa meli hadithi nyingine ya yaliyotokea baharini, na mwongozaji hatuonyeshi hata tone la maji. Ni uso wa kijana na sauti yake, basi. Katika kitabu hadithi zote mbili ni maneno, hivyo zinagombana kwa nguvu sawa. Hapa moja imelishwa macho yetu kwa zaidi ya saa moja, nyingine imeachiwa masikio peke yake. Unapoulizwa unaipenda ipi, macho yameshachagua, na hapo ndipo unajua urembo wote ule ulikuwa na kazi. Kwangu hicho ndicho kipimo cha filamu iliyotoka kitabuni: ifanye jambo ambalo kitabu hakikuweza.

Ilipata Oscar 4, ikiwemo ya mwongozaji na ya upigaji picha. Kinachoniuma ni kwamba Rhythm & Hues, kampuni iliyomtengeneza yule chui, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Februari 2013, mwezi uleule kazi yao iliposhinda.

Tafuta nakala yenye maandishi chini, maana kuna Kitamil ndani yake. Inachukua saa 2 na dakika 7. Wadogo wa chini ya miaka 10 wasubiri: fisi na pundamilia ndani ya boti si tukio la mchezo, hata mpwa wangu alifumba macho.