Toyota Mark X baada ya Miaka Miwili Unguja: Tathmini Kutoka Siti ya Nyuma

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Mark X ya toleo la pili, lile lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2009, lenye injini ya V6 (silinda sita) ya lita 2.5 inayosukuma magurudumu ya nyuma. Nimelitumia miaka miwili, kutoka Fuoni hadi Mjini kila siku ya kazi, na kwenda Makunduchi kwa wakwe kila zinapopatikana siku mbili za mapumziko, tukiwa watu wazima watatu na watoto wawili. Wanaolisifu gari hili aghalabu husifu mbio zake, nami nawaachia hayo, kwani katika kisiwa hiki hujaenda mbali ila umeshakutana na tuta. Mimi nililinunua kwa ajili ya mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua na ambaye hapo awali alikuwa akishuka kwenye daladala mgongo umekakamaa.

Safari ya kwanza ilinitia aibu. Aliyeniuzia alikuwa amelifunga rimu za inchi 18 na tairi nyembamba za 235/45, nami nilizipenda kwa macho, sikuuliza zaidi. Tulipofika msitu wa Jozani, kwenye yale matuta yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe wanapovuka barabara, mama alikuwa ameshika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili. Hakulalamika mpaka tulipopita njiapanda ya Kitogani, ndipo aliposema kwa upole: "Mwanangu, gari yako nzuri, lakini inanipiga."

Maneno yale yalinipeleka kwenye hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kulipa. Katika maandishi ya tairi, namba ya pili ni asilimia: tairi ya 235/45 ina ubavu wenye urefu wa asilimia 45 ya upana wake, yaani milimita 106 hivi. Mark X za daraja la kawaida zilitoka kiwandani na rimu za inchi 16 na tairi za 215/60, ambazo ubavu wake ni milimita 129. Kimo cha gurudumu zima kinakaribia kuwa kilekile, kwa hiyo mita ya mwendo haidanganyiki sana, lakini milimita 23 za mpira na upepo zinazoongezeka kila pembe ya gari ndizo zinazomeza kokoto, mipasuko ya lami na kingo za mashimo kabla shokapu haijaanza kazi yake. Niliziuza zile za inchi 18 kwa kijana aliyezitamani, nikatafuta za inchi 16 zilizotumika, na gari likawa jingine kabisa. Halivutii tena macho ya vijana wa barazani, na hilo silijutii.

Upepo nao una lake. Fundi aliyefunga tairi alizijaza mpaka zikawa ngumu kama ngoma, akidai kwamba hivyo zinadumu. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, isipokuwa magari ya Japani huandika kwa kipimo cha kPa. Ukigawa kwa 6.9 utapata kipimo cha psi kinachosomeka kwenye geji za gereji zetu, kwa mfano kPa 230 ni kiasi cha 33. Kupunguza upepo hakukunigharimu hata senti moja, na mama aliitambua tofauti bila ya kuambiwa.

Baada ya hapo ndipo uzuri wa gari lenyewe ulipojitokeza. Nyuma, kila gurudumu la Mark X lina mikono yake na linapanda na kushuka peke yake, ilhali Premio, ambayo ndiyo mshindani wake mkubwa katika barabara zetu, magurudumu ya nyuma yameunganishwa kwa boriti moja. Juu ya tuta tofauti hiyo haionekani sana, kwa sababu magurudumu yote mawili hupanda kwa pamoja, na Premio inapita bila taabu. Mahali inapojulikana ni pale lami ilipolika ukingoni na gurudumu la kushoto likateremka peke yake wakati unampisha mwenye gari la ng'ombe: Mark X huzama kidogo upande mmoja na kuinuka, wala abiria wa kulia hahisi kitu. Umbali wa milimita 2,850 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, dhidi ya 2,700 za Premio, nao unalipunguzia gari kuyumba kichwa chini, mkia juu.

Kiyoyozi kinatosha hata kwenye foleni ya mchana wa Februari, na matundu ya hewa yaliyopo kati ya siti za mbele yanaupeleka ubaridi kwa walio nyuma. Redio, kwa upande mwingine, imetengenezwa kwa masafa ya FM ya Japani ya wakati ule, yaliyoishia 90, hivyo stesheni zetu nyingi hazikamatiki mpaka ufungiwe kifaa cha kubadilisha masafa. Na kila asubuhi mwanamke asiyeonekana hutuambia kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Watoto wameihifadhi sentensi hiyo kwa ufasaha kuliko baadhi ya masomo yao ya skuli.

Kasoro kubwa kwa familia ipo sakafuni. Kwa kuwa nguvu ya injini inapelekwa nyuma, propela, yaani mhimili unaoipeleka nguvu hiyo, imefunikwa na nundu ndefu inayopita katikati, na anayekaa kati hana pa kuweka miguu. Mtoto huvumilia mpaka Tunguu. Mtu mzima hafai kuombwa akae pale. Familia yenye watu wazima watano ningeishauri ichukue Premio, ambayo pia siti yake ya nyuma hulala kidogo, na isahau mengine niliyoyasema. Aidha, gari limekaa chini, jambo ambalo mama mkwe amelizoea kwa kutanguliza kukaa kisha kuingiza miguu yote miwili kwa pamoja, lakini ile njia ya mawe ya kuingia kwao haitaki gari la namna hii. Nilijaribu mara moja, nikasikia jiwe likisugua tumbo la gari toka mbele hadi nyuma. Sasa tunaliacha kwenye lami, chini ya mwembe, na watoto hubeba mikoba.