Steshenari ya Mwanjelwa iliyoniandalia CV ya urubani: nyota nne, na ile ya tano najua ilipopotelea

Ngoja niandike hii leo maana watu watatu wameshaniuliza inboksi makaratasi ya kuombea kazi nilitengenezea wapi. Ni ile steshenari ndogo pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, ukitokea sokoni unaelekea Kabwe, mlango wa bluu, nje kuna benchi ambalo nusu yake wamekaa mawakala wa kutuma hela. Jina lake msiniulize, halijaandikwa popote, ukutani kuna "FOTOKOPI SKANI LAMINESHENI" basi.

Mi nimemaliza leseni ya urubani wa biashara, ile CPL, nikarudi nyumbani Mbeya na masaa 214 na nusu na suruali mbili za yunifomu. Mtaani nimeshakuwa "rubani", madereva bajaji wananiuliza leo ndege umeipaki wapi, na mi nacheka tu ila kazi sina. Hili ndo watu hawalielewi, wanadhani ukitoka chuo unakabidhiwa ndege kama mtu anavyokabidhiwa Noah ya bosi akafanye hesabu. Leseni yenyewe kwa njia ya kawaida inataka masaa 200 (150 ukipita kozi iliyopangwa mwanzo mwisho), humo ndani masaa 100 uwe wewe ndo rubani mkuu, usiku masaa 5, na safari moja ndefu ya kilometa 540 ukitua viwanja viwili tofauti, yani urefu wa Mbeya Iringa kwenda na kurudi kwa angani hivi. Unajinyima, familia inauza shamba, unaipata. Halafu unafungua tangazo la kazi linasema masaa 500. Lingine 1,000, na mia kadhaa yawe kwenye Caravan, ile ndege ndogo ya abiria ya injini moja. Sasa hiyo Caravan nikaipandie wapi kama hakuna anayeniajiri? Na wala sio roho mbaya ya wenye ndege, watu wa bima nao wana masharti yao, rubani mwenye masaa machache bima inapanda au wanamkataa kabisa.

Kwa hiyo kabla sijaijua hii steshenari nilishapigwa. Kuna jamaa wa mtandaoni wanauza kifurushi cha "kazi ya urubani ndani ya siku 30", nikawatumia 180,000, hela ya mjomba hiyo. Nilichopata ni CV ya kurasa nne yenye picha yangu ndani ya duara, vinyota vinavyoonyesha najua Microsoft Word kiasi gani, na masaa yangu ya kuruka yamefichwa ukurasa wa tatu chini ya mambo ninayopenda. Eti napenda kuogelea. Mimi nimekulia Uyole, maji ya Uyole mwezi wa sita unayajua wewe? Siku ya 31 napiga simu, namba haipatikani mpaka leo.

Ndo nikaingia pale mlango wa bluu na flashi yangu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu, nikamweleza mwenye duka shida yangu, akaniangalia akasema "kwahiyo wewe ndo yule wa ndege" kumbe habari zimeshafika. Akanikabidhi kwa dada wa kompyuta. Bei zao hizi hapa: printi nyeusi 200, ya rangi 500, skani 500 kwa ukurasa ila nilikuwa na kurasa 38 za logibuku, kile kitabu cha kuandikia masaa ya kuruka, akanifanyia zote kwa 12,000, kuandaa CV 5,000. Elfu tano! Nikilinganisha na ile laki na themanini naumwa kichwa.

Kitu nilichokipenda ni kwamba dada hakujifanya anajua. Aliniuliza, kaka hii kazi yenu wanaangalia nini kwanza? Nilikuwa nimeshaongea na kapteni mmoja aliyenifundisha, akaniambia mtu anayepokea hizo CV anazo rundo mezani, anataka aone vitu vichache na haraka: masaa yote, masaa ya rubani mkuu, masaa ya injini mbili kama unayo, usiku, ya kuruka kwa kutumia vyombo, leseni namba ngapi, medikali (cheti cha afya) daraja la kwanza inaisha lini, kiingereza cha anga umepewa levo gani. Basi tukafanya ukurasa mmoja, jedwali la masaa juu kabisa chini ya jina, hakuna picha hakuna kuogelea. Medikali tukaweka mpaka tarehe ya kuisha, maana ile kwa umri wangu ni miezi 12 tu na ikiisha leseni yako ni pambo la ukutani.

Sasa nyota ya tano ilivyopotea. Dada alinishauri tuingize logibuku yote kwenye Excel ili jumla zitoke zenyewe na mtu akitaka kuhakiki ahakiki, wazo zuri tu, akaingiza mstari kwa mstari siku mbili, 1:20, 0:55, 2:10, mi nasoma yeye anapiga. Akajumlisha. Akanakili jumla kwenye CV. Mi nimechoka, kesho yake basi la Dar, nikaangalia jina limeandikwa sawa nikasema printi kopi 14. Nipo kwenye basi tumeshapita Makambako, jirani yangu amelala begani kwangu, natoa moja niisome kwa raha zangu, naona MASAA YOTE 22:30.

Ishirini na mbili na nusu! Masaa ya mtoto aliyeanza chuo mwezi uliopita. Nilihisi baridi ya Makambako imeingia tumboni.

Kumbe ile Excel seli ikipangwa kama saa ya ukutani ikifika 24 inaanza upya sifuri. 214:30 inatoa siku nzima nzima nane inabaki 22:30. Ya rubani mkuu nayo masaa 103 ilikuwa imegeuka 7:00. Nikampigia mama mwenye duka saa mbili usiku, hajanikatia, akamfuata dada kwake, dada akarudi dukani akafungua, nikamwelekeza kwa simu kwenye mpangilio wa seli aandike [h]:mm, ile herufi ikiwa ndani ya mabano ya mraba haizunguki tena, jumla ikakaa sawa. Akanitumia faili jipya kwenye imeli kabla hatujafika Iringa, na asubuhi mama akanirushia 3,000 ya kuprinti upya Dar, mi sikuomba. Unaona kwanini nimewapa nne na sio mbili. Kosa ni lao ila na mimi rubani mzima niliyefundishwa kukagua ndege kwa orodha mstari kwa mstari nikashindwa kukagua karatasi moja.

Dar nikaenda na bahasha zangu Terminal 1 ambako ndo zipo kampuni za ndege ndogo. Nilizunguka siku mbili. Kwa uzoefu wangu imeli peke yake haitoshi, mtu akikuona umekuja na basi kutoka Mbeya na shati limepigwa pasi anakukumbuka kidogo. Sehemu nyingi ni "acha hapo tutakupigia", sehemu moja mlinzi hakunipitisha hata getini, sehemu moja kapteni alikuwa anatoka kula akasimama na CV yangu mkononi akaisoma kwa kidole, jedwali la juu tu, akanirudishia logibuku baada ya kulinganisha jumla ya ukurasa wa mwisho na ile ya kwenye karatasi. Zikafanana. Hapo ndo nikamuombea dada wa kompyuta dua.

Wiki tatu baadaye nikaitwa intavyuu. Hapa narudi kwenye steshenari tena maana kuna siku umeme ulikatika nikiwa pale, masaa matatu, mama akanipa chai ya tangawizi na ndizi za Tukuyu nikakaa benchi la nje nikisoma kopi za kurasa za utendaji wa ndege nilizokuwa nimetoa hapo hapo. Kwenye intavyuu wakaniuliza, umetokea wapi, Mbeya, haya pale Songwe, uwanja wenu wa ndege, upo juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, nikasema kama futi 4,400, haya mchana joto 26 ndege inajiona iko urefu gani? Kwa urefu ule joto la kawaida kwenye vitabu ni kama nyuzi 6, kwahiyo tumezidisha 20, kila nyuzi inaongeza kama futi 120, hiyo ni 2,400, ndege inajiona ipo karibu futi 6,800. Ndo maana kindege kidogo kikijaza watu na mizigo kwenye jua la saa nane kinakimbia kimbia kwenye njia ya kurukia hakitaki kunyanyuka, hewa nyepesi, injini inapumua kwa shida na bawa halina cha kushikilia. Uwanja wa Nduli wa Iringa nao hadithi ni hiyo hiyo. Jamaa akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Nilichopata sio kiti cha rubani, niseme ukweli msije mkaanza kunipongeza. Ni kazi ya chini, opereshini: kupima mizigo, kuandika majina ya abiria, kupanga uzito kwenye ndege, kuongea redioni na viwanja vya porini. Makubaliano ni kwamba nafasi ikipatikana nakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Caravan. Na hata hicho kiti kina mambo yake, Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja, kwahiyo kwa kanuni za kimataifa, hata pale nchi inapolazimisha msaidizi awepo, masaa ya huyo msaidizi yanahesabiwa sio zaidi ya nusu ukitaka kupanda leseni ya juu. Atakayekuja kukwambia "kiti cha kulia ni masaa ya bure" muulize hilo kwanza. Mi nimeingia nikijua.

Kasoro nyingine za steshenari ni ndogo ndogo: foleni siku za kufungua shule usijaribu, printa ya rangi inatoa mstari wa pinki pembeni, na dada akisikiliza redio ya mpira anakosea herufi. Na kagueni jumla zenu wenyewe, hata kama sio rubani, hata kama ni hesabu za kikoba.

Jana nimepita kupiga paspoti saizi za kitambulisho cha uwanjani. Mama hakuchukua hela. Nikachungulia kwenye kioo cha kompyuta, faili langu bado lipo pale pale katikati ya mitihani ya darasa la saba na kadi za harusi, limeandikwa RUBANI MWISHO MWISHO KABISA 3. Nikamwambia dada alifute sasa. Akasema wewe, ukipata kiti cha kulia si utarudi tuongeze masaa?