Gari ya zamani ya maharusi hapa Malindi: mbona nachukua Peugeot 504

Ukiishi Malindi na unataka gari ya zamani, anza kuikagua kwa chini. Injini itafunguliwa na itafungwa, fundi yupo, na gasketi ama pistoni zitatafutwa Mombasa mpaka zipatikane. Bodi iliyoliwa na kutu ni habari nyingine. Kusi ikitulia kaskazi inaingia, na chumvi haina likizo: inapenya ndani ya milango, chini ya mazulia, kwenye kila kiungo cha bati ambacho jicho halifiki. Ndiyo maana bei ya gari kuukuu hapa pwani siipimi kwa injini wala kwa jina.

Kazi yangu ni kukodisha gari za maharusi. Ninayo Volkswagen Beetle ambayo imebeba mabibi harusi wa Shella, Maweni, Mambrui hadi Watamu, na sasa natafuta ya pili. Ya kuagiza kutoka ng'ambo haipo, maana sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka minane, kwa hivyo kuukuu ya kweli hutafutwa humu humu nchini. Na mahitaji yangu si ya mtu anayetaka gari ya kuweka bandani aitazame. Harusi za huku haziendi mbio. Gari hufuata matarumbeta taratibu, jua la saa nane liko juu ya paa, na injini iende mwendo wa mtu wa miguu bila kuchemka. Tena bibi harusi haketi peke yake nyuma. Yuko somo wake, yuko msimamizi, na gauni lenyewe linataka nafasi yake.

Beetle ya pili singekataa, kwa upande wa joto. Injini yake hupozwa kwa hewa, radieta haina. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikatoka kiwandani Mexico mwaka 2003, na spea bado zapatikana. Lakini ina milango miwili tu, na kumpitisha bibi harusi nyuma ya kiti cha mbele na gauni lake ni kumtesa siku yake. Anayeinunua kwa shughuli nyingine nampa neno moja: inua kiti cha nyuma kabla hujamuuliza mtu habari za injini. Betri iko pale chini, upande wa kulia, na sakafu iliyo chini ya betri huoza kwa asidi. Hakikisha pia kifuniko cha betri kipo. Mtu mzito akiketi na springi za kiti zikagusa vichwa vya betri, moto unaweza kuwaka.

Land Rover Series III niliitazama kwa sababu wateja wawili waliiulizia. Watu hudhani haina kutu kwa vile bodi ni ya alumini. Chesisi ni chuma, na pale alumini inapokutana na chuma, chumvi hula kwa haraka zaidi. Kwa safari ya Marafa au Sala ningeichukua leo. Kwa harusi iko juu mno, na springi zake za majani, zile za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, zinarusha.

Iliyonitia tamaa zaidi ni Mercedes W123. Ilianza kuuzwa mwaka 1976, zikatengenezwa karibu milioni 2.7, na mlango wake ukiufunga unasikia uzito wa kazi iliyofanywa vizuri. Niliyoonyeshwa ni 240D, dizeli, nyeupe, rangi mpya inang'aa. Dalali akawahi kufungua boneti. Mimi nikachutama upande wa dereva na sumaku yangu ndogo, niliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi, nikaipitisha kwenye bati la chini ya milango. Mbele ilishika. Katikati ikateleza ikaanguka mchangani. Nikairudisha, ikaanguka tena. Hapakuwa na bati pale, palikuwa na filla, ule ute wa kuzibia mashimo unaokauka ukawa mgumu, iliyopigwa msasa ikafunikwa rangi. Fundi wangu akagonga kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele kwenda nyuma, na sauti ilibadilika palepale sumaku ilipoanguka.

Tulipoizima, ufunguo ukatoka na injini ikaendelea kunguruma. Dalali akababaika, lakini hilo halikunitisha. Dizeli hizi huzimwa kwa nguvu ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaopita kwenye mipira, na mpira mmoja ukipasuka injini haisikii ufunguo. Unafungua boneti na kubonyeza kile kiwiko cha kuzimia. Mpira hubadilishwa. Kilichonirudisha nyumbani ni ile filla, na baadaye nikawaza moshi wa dizeli kuukuu mbele ya akina mama waliovaa nguo za harusi. Yeyote atakayeona W123 ya petroli yenye bati zima asiiache.

Sasa Peugeot 504. Ilizinduliwa 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, umbo ni la Pininfarina, wabunifu wa Italia, na ule mgongo wa buti unaoteremka nyuma hauko kwa gari nyingine yoyote barabarani. Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally 1975, Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile kupe ya V6 mwaka 1978. Sifa hizo nazipenda, ila kilicho na faida kwangu ni kwamba gari hii iliunganishwa hapa Kenya na kwa miaka mingi ilikuwa teksi ya safari ndefu. Mafundi wa rika la wazazi wangu wameishika hadi wakaijua kwa kuisikiliza tu.

Zile za teksi, zenye mgongo mrefu, sizitaki. Zilibeba watu na mizigo maisha yao yote, na nyuma zina ekseli ngumu na springi nne za kuhimili uzito. Mimi nataka saluni. Nyuma kila gurudumu linacheza peke yake, viti ni laini na vipana, na watu watatu na gauni wanaenea. Niliyoipata iko ng'ambo ya Sabaki, rangi ya maziwa, injini ya petroli yenye ujazo wa cc 1971, namba ya kabla ya herufi za KAA. Mwenyewe ni mzee. Nikamwambia, "Ami, naomba nilale chini niangalie." Akaniletea mkeka. "Tazama utakavyo, mwanangu. Mimi siuzi rangi."

Na kweli hakuuza rangi, imepauka. Bati la chini ya mlango wa nyuma kushoto limetoboka, kidole kinaingia, na limeachwa wazi lionekane. Sehemu za kuwekea jeki ni nzima. Juu, pale shokoabu za mbele zinaposhikilia, ambapo ndipo niliogopa zaidi, sumaku iling'ang'ania pande zote mbili. Deshibodi imepasuka kwa jua.

Halafu feni. Feni ya 504 ina sumaku ya umeme: injini ikipata joto inashika, ikipoa inaachia. Ikiharibika, mafundi wengi huikaza kwa skrubu izunguke muda wote, na hii ilikuwa imekazwa hivyo. Inakula petroli kidogo na ina kelele, lakini kwa kazi ya kufuata matarumbeta ni afadhali izunguke hivyo. Tuliiacha ikinguruma pale pale chini ya mnazi wakati tukinywa chai, na mshale wa joto haukupita katikati.

Ameitisha laki mbili na themanini. Fundi anasema kukata bati na kuchomelea jipya kutanila pesa, kwa hivyo nimempa ami laki mbili na ishirini, naye anashauriana na wanawe. Pesa hazitoki kabla ya jambo moja: logibuku bado iko kwa jina la marehemu ndugu yake, na bila karatasi za mirathi NTSA, mamlaka inayosajili magari, haitaihamisha. Wamesema wataanza wiki hii. Wakimaliza, itaingia gereji moja kwa moja, na kabla ya rangi nitabadilisha bomba zote za breki.