Nyumba ya kupanga Shanty Town, Moshi: tulikaa wiki sita na watoto

Mimi na mume wangu tunaishi Ujerumani. Tulikuja Moshi kuzoeana na ndugu wawili tunaoomba kuwaasili, dada wa miaka saba na mdogo wake wa minne. Ustawi wa jamii waliporuhusu watoke kituoni kukaa nasi, tulitafuta nyumba yenye jiko.

Vyumba ni viwili, ila usiku wa kwanza mdogo alihamia kitanda cha dada yake. Mama mwenye nyumba, bila kuombwa, akaleta chandarua kikubwa cha kuwafunika wote. Hapo ndipo nilipompenda.

Dada alikuwa hali mpaka mdogo wake ashibe. Tukaanza kupika mtori pamoja, yeye akimenya ndizi za sokoni Mbuyuni, mimi nikikata nyama. Wiki ya tatu aliniachia kijiko nimlishe mdogo, akakimbilia uani kucheza. Nililia palepale jikoni.

Maji hukatika mchana, jazeni ndoo mapema. Elfu hamsini kwa siku ni nyingi, lakini ningelipa tena. Ombeni chumba cha nyuma, chenye dirisha la kuelekea mparachichi.