Sanskrini ya uso kwa jua la Tanga: nani anunue ipi

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengi mnataka jina tu la sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, mkanunue. Kama uso wako unatoa mafuta, na kwa joto la huku Tanga sijui wa nani hautoi, chukua gel au zile nyepesi za majimaji zenye SPF 50 (SPF ndo namba ya kinga ya jua linalounguza), iwe ya Korea, ya Japani au zile za famasi zilizoandikwa oil control, yaani za kuzuia mafuta. Ngozi kavu chukua ya krimu. Una madoa meusi yaliyogoma kuondoka, chukua yenye rangi. Na kama mfuko umetoboka chukua ya familia, ile chupa kubwa ya bei ndogo, upake nyingi, utamshinda yule mwenye ya Ufaransa anayepaka tone moja kwa kuihurumia.

Hilo la mwisho ndo lenyewe hasa. SPF inapimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, na hiyo kwa uso peke yake ni kama robo kijiko cha chai. Ukiongeza na shingo ndo ile habari ya vidole viwili, unakamua mstari juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya cha kati, kuanzia shina mpaka nchani. Ukiangalia unaona ni nyingi mno, na kweli ni nyingi, ndo kipimo chake. Sasa piga hesabu ya duka, robo kijiko ni kama mililita 1.25, kwahiyo kichupa cha mililita 50 ukipaka uso tu mara moja kwa siku kinaisha siku ya 40. Kikikaa kwenye kabati tangu Ramadhani mpaka Maulidi ujue ulikuwa unajipaka harufu. Kwahiyo usiulize "bei gani", uliza bei gani gawanya kwa 40, afu ujiulize kama mwezi ujao utaweza kununua tena. Mie bei sitaji, zinapanda na kushuka na dola na kila duka lina yake.

Namba za kwenye boksi zisikutishe. SPF 15 inazuia kama asilimia 93 ya miale ya UVB, 30 inazuia 97, 50 inazuia 98. Yani kutoka 50 kwenda 100 unalipia kitu kidogo sana. Ila UVB ni ile inayounguza tu, kuna mwenzake UVA ambaye haunguzi sana, anapenya kioo cha dirisha, mawingu mepesi hayamsumbui, na huyo ndo anayeleta madoa na mikunjo kabla ya wakati. SPF haimpimi huyo. Za Asia angalia alama ya PA na vijumlisha, vikiwa vinne safi sana. Za Ulaya tafuta herufi UVA zikiwa ndani ya duara, maana yake kinga ya UVA imefika angalau theluthi ya SPF. Za Marekani wanaandika broad spectrum. Hakuna chochote katika hivyo vitatu? Rudisha shelfuni.

Afu kuna wale wa "sisi weusi tuna melanini bwana", ile rangi ya asili ya ngozi. Ni kweli tunayo, na watafiti walishawahi kuikadiria, kinga ya ngozi nyeusi sana ikaonekana ni kama SPF 13. Si haba, ndo maana hatubabuki kama watalii wanaolala pale Raskazone kutwa. Lakini shida yetu sio kubabuka, shida ni madoa. Chunusi moja inapona kwa wiki, doa lake linakaa miezi, na kila ukitoka juani bila kitu linakolea upya. Na sie tuko nyuzi kama 5 tu kusini mwa ikweta, miezi ya kaskazi kipimo cha UV mchana kinavuka 11 ambayo WHO wanaiweka daraja la juu kabisa, wakati wao wenyewe wanasema kuanzia 3 mtu ajikinge.

Haya tupange sasa.

Namba moja ni gel na za majimaji, kwa ngozi ya mafuta, mchanganyiko na yenye chunusi. Nazipa namba moja sio kwa sababu zinakinga kuliko nyingine, nazipa kwa sababu kwa unyevu wa huku ndo pekee ambazo mtu atakubali kupaka vidole viwili na asikimbilie kunawa saa tano. Bioré UV Aqua Rich, SPF 50+ PA++++, ndo nyepesi kuliko zote nilizowahi kushika, inaingia unasahau kama umepaka, ila ina alkoholi, kwahiyo kama una chunusi zilizopasuka au macho yako hayataki utani itakuwasha. Skin1004 ile Hyalu-Cica Water-Fit Sun Serum nayo nyepesi, inateleza zaidi, ina kung'aa kidogo lakini sio ule ung'avu wa kukaanga. Za famasi, Eucerin Oil Control SPF 50+ ndo naipenda kwa wenye uso unaomwaga mafuta kabisa, inakausha, na wanaume wanaielewa haraka kwa sababu haiwafanyi wang'ae. La Roche-Posay Anthelios wana oil control yao na toka 2022 wameweka kichujio kipya cha Mexoryl 400 kinachokamata hadi ile miale mirefu ya UVA, kitu kizuri sana kwa mwenye madoa, ila bei yake ukae chini kwanza. Ningekuwa naanza leo na uso wa mafuta ningechukua ya Korea au Japani nipake kwa raha, hiyo ya Ufaransa ningoje siku mtu anatoka Ulaya ananiuliza nikuletee nini.

Moja ya kujaribu hapohapo dukani: paka kidogo pembeni ya taya, toka nje kwenye mwanga wa mchana, subiri dakika kadhaa. Taa ya dukani inaficha weupe. Na kabla hujalipa sugua taratibu pale ulipopaka, ikitoka vibonge vibonge basi haitapatana na losheni yako ya asubuhi.

Namba mbili, yenye rangi, kwa wenye madoa, melasma (yale mabaka meusi mapana ya usoni) na akina mama waliobaki na kivuli usoni baada ya ujauzito. Hapa kuna jambo wauzaji wengi hawalijui kabisa. Ngozi nyeusi inatiwa madoa hata na mwanga wa kawaida tu, huu tunaoonea, na sanskrini isiyo na rangi inaupitisha karibu wote. Kinachouzuia ni rangi za chuma, ndo zile zinazoipa hiyo losheni ukahawia. Geuza boksi usome viambato, ukiona CI 77491, CI 77492 na CI 77499 ujue zimo. Tatizo lake nadhani mnalijua, rangi nyingi zimetengenezwa kwa ngozi za wenzetu, Anthelios yenye rangi ukiipaka shoga angu mweusi kama mie unatoka na sura ya mtu mwingine. Basi fanya hivi, paka sanskrini ya kawaida kwanza, iache itulie, afu juu yake fandesheni inayoendana na wewe, maana fandesheni karibu zote zina hizohizo rangi za chuma. Ila usichanganye viwili kiganjani ndo upake, unavunja kinga. Na ushungi mweupe siku hiyo uweke pembeni, utachafuka kwenye kidevu na kipaji.

Namba tatu ni krimu kwa ngozi kavu. Beauty of Joseon Relief Sun ya mchele, SPF 50+ PA++++, imependwa dunia nzima na mie sioni sababu ya kuipinga, inalainisha kiasi kwamba asubuhi huhitaji losheni nyingine, haiachi weupe. Ila wenye mafuta msiifate kwa sababu ya jina, ikifika saa sita mchana wa Februari pale Ngamiani utang'aa mtu akuone toka upande wa pili wa barabara. Kuna na Black Girl Sunscreen ya Marekani, SPF 30, imetengenezwa kwa ajili ya ngozi nyeusi, ina mafuta ya parachichi na jojoba, na chupa yake kubwa kuliko za Korea. Kwa kipupwe cha Juni na Julai hii inafaa hata kwa ngozi ya kawaida.

Namba nne, ya familia. Nivea Sun chupa ya mililita 200, supamaketi nyingi unaikuta. Nzito, inanukia, wenye chunusi waiache. Lakini kwa bodaboda anayeshinda juani kutwa, kwa dereva wa daladala ambaye shavu la kulia ndo liko dirishani kila siku, kwa anayeendesha baiskeli toka Pongwe kuja mjini, hii ndo ina maana, kwa sababu inabidi apake tena mchana na masikio na shingo pia.

Namba tano ndo za madini, zinki oksaidi na titani dioksaidi peke yake. Hizi zina sifa nzuri, haziwashi, ngozi nyeti inazikubali, mwenye pumu ya ngozi daktari atampa hizo. Sababu ya kuziweka chini ni moja, kwa rangi zetu uso unakuwa kama umeupepetea sembe. Ukikuta ya madini yenye rangi yako, ipandishe mpaka namba mbili mwenyewe.

Ambazo sizipi namba: za kupuliza usoni, unavuta hewani nusu na hujui umepata kiasi gani. Poda na lipshaini zenye SPF, nzuri kama nyongeza tu. Mafuta ya nazi, mafuta ya karoti, liwa, manjano, vyote vina raha yake lakini sio kinga ya jua, na ukishafanyiwa singo ngozi imesuguliwa ndo kwanza inahitaji sanskrini kuliko jana. Na wale wa kujipaka ndimu usoni kukausha chunusi acheni kabisa, ndimu ikikutana na jua inaunguza ngozi, unaweza kupata malengelenge na baada yake doa jeusi la miezi. Mkorogo ndo sisemi. Haidrokwinoni, zebaki na steroidi ni marufuku kwenye vipodozi nchini, na unapaka sanskrini asubuhi kulinda nini kama usiku unachubua?

Sasa swali ninaloulizwa sana huku kwetu, udhu. Sanskrini inatakiwa kurudiwa kila masaa mawili ukiwa juani, na jua kali ni saa nne mpaka saa kumi. Kwa asiyeshinda juani ratiba inajipanga yenyewe: paka asubuhi kabla ya kutoka, kama robo saa kabla, Adhuhuri unanawa, ukimaliza kuswali unajifuta unapaka upya, hapo umefika mpaka Alasiri. Kwa ajili hiyo chagua inayotoka kwa urahisi, sio zile zilizoandikwa water resistant dakika 80, hizo waachie wanaoogelea, zinang'ang'ania na zinataka sabuni. Kama una wasiwasi inazuia maji kufika kwenye ngozi muulize shehe wako, ila hizi nyepesi za namba moja ukinawa na sabuni laini zinaondoka. Mvaa nikabu asiache, kitambaa chepesi kinapitisha, na kinafuta uliyopaka kwenye pua.

Wenye ualbino hawako kwenye mpangilio huu kabisa, kwao ni suala la saratani ya ngozi. Kuna losheni inaitwa Kilisun inatengenezwa Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwa ajili yao, na wanapewa bure kupitia kliniki. Ukiikuta inauzwa mahali ujue kuna mtu kaikosa. Hata wakipaka, kofia pana na mikono mirefu viko palepale.

Dukani angalia tarehe ya kuisha na kale kapicha ka kakopo kaliko wazi kalikoandikwa 6M au 12M, hiyo ndo miezi ya kutumia tangu uifungue. Iliyokuwa inaanikwa kwenye kioo cha mbele ya duka inapigwa na jua siku nzima usinunue hata wakikupunguzia, joto linaharibu vichujio, na kwa sababu hiyohiyo usiiache kwenye buti ya pikipiki. Ikijitenga, maji huku mafuta kule, imekwisha hiyo. Na mdomo wa chini mnausahau sana, tafuta ya midomo yenye SPF 30, vidogo vya kuweka mfukoni, wauza famasi wengi wanavyo nyuma ya kaunta mpaka uulize.