Shavu langu linakata simu: kati ya hizi mbili nilichukua hii, na bado sielewi nifanyeje

Naandika hii bado nimefura, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Kwa wiki kama tatu hivi, au mwezi, sikumbuki, kazi yangu ilikuwa kulinganisha simu mbili tu. Usiku badala ya kulala naangalia video za watu wanafungua maboksi, asubuhi nimeamua hii nyeusi, mchana nimehamia ile ya kijani, jioni nimerudi kwa nyeusi. Zote za daraja la kati, bei zimekaribiana. Majina sitaji, nitaziita Nyeusi na Kijani basi, maana huu ugonjwa nitakaousema upo kwenye simu nyingi za daraja hili na sitaki mtu aje aniambie nimetumwa. Mambo ya GB na megapikseli mkasome wenyewe, yameandikwa kila mahali.

Kilichonimaliza ni kioo. Nyeusi ina AMOLED, Kijani ina LCD, ukiziweka pamoja zimewaka ni kama bibi harusi kakaa na shangazi aliyetoka kuosha vyombo. Kwenye AMOLED pale penye weusi panazimika kabisa, LCD ile taa ya nyuma inawaka muda wote kwa hiyo weusi wake ni kijivu kijivu. Afu Kijani ina kidevu kinene kule chini, yaani ule ukingo usiowaka, utafikiri simu ya mwaka juzi. Mdogo wangu wa kiume naye alikuwa anatafuta simu, tukaenda wote, mimi nikabeba Nyeusi yeye akabeba Kijani kwa sababu alitaka chenji ibaki anunue kava. Nikamcheka. Nakumbuka kabisa nilivyomcheka.

Siku mbili tatu za mwanzo raha tupu, sikupigiwa na mtu wa maana. Akaja kupiga mama mkwe. Nikapokea, nikaweka sikioni, shikamoo mama. Kimya. Shikamoo mama! Kimya, ila yeye namsikia vizuri kabisa anamuuliza mtu wa pembeni yake, "huyu vipi, mbona haongei, kanuna au?" Nikasema shikamoo mara nne jamani. Kutoa simu sikioni naangalia, kioo kinawaka mwaaa, na kile kialama cha maiki kimepigwa mstari. Shavu langu limebonyeza myuti. Shikamoo zangu zote nne nimejiamkia mwenyewe.

Nikasema bahati mbaya. Kesho yake shavu likamweka bosi kwenye holdi, akasikiliza muziki kama kapiga benki. Keshokutwa likafungua vitufe vya namba, katikati ya maongezi napigwa piiii piiii ndani ya sikio. Sijui ni siku gani tena likakata kabisa simu niliyoisubiri wiki nzima. Na WhatsApp ndo usiseme, niliongea na rafiki yangu kama dakika kumi nashangaa anachekacheka tu, kumbe shavu limewasha video na muda wote huo anaangalia tundu la sikio langu. Tundu la sikio! Kwa kamera ya selfi ambayo mimi mwenyewe niliisifia kuwa inatoa picha kali.

Ngoja nieleze maana hata mimi sikuwa najua. Kwa kawaida simu ina sensa (siyo ile ya kuhesabu watu) pale juu karibu na spika ya sikio, inatoa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, mwanga ukigonga uso unarudi, simu inajua hapa pana shavu, inazima kioo. Basi. Kitu kidogo, cha zamani, iPhone ya kwanza kabisa ya 2007 ilikuwa nacho. Sasa watengenezaji wakaanza kushindana kupunguza kingo za kioo, kile kidude kikakosa pa kukaa. 2016 Xiaomi walitoa Mi MIX, kioo karibu mbele yote, wakatumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii badala ya infraredi, na wakati ule dunia nzima tulishangilia. Simsemi yeye, simu yangu siyo hiyo. Nasema ndo mambo yalianzia huko juu kwenye simu za kujionyesha, yakashuka hadi kwetu, na kwetu yamekuja kwa sababu nyingine, kubana matumizi. Wanatoa kidude cha infraredi wanaweka programu inayobahatisha: simu imeinuliwa? imelala pembe gani? kioo kimeguswa na kitu kipana? kuna mwangwi? haya, huenda ni sikio. Huenda! Simu nzima inaishi kwa huenda.

Na mimi mwanamke naongea natembea, nabadilisha sikio, nabana simu begani mikono ikiwa na kazi. Programu maskini inachanganyikiwa.

Nikaenda sehemu yao ya huduma. Hapa ndo penyewe, hii rivyu nisingeiandika bila huyu kijana. Nimekaa foleni, nimefika kaunta, namweleza vizuri tu, hata sikuwa na hasira bado. Hanitazami, anachati. Akasema "ni protekta hiyo dada, inaziba." Nikamwambia protekta nimebandika juzi na tatizo limeanza kabla. Hakunisikia, akaingiza kucha akaibandua, ile ya kioo, mpya, ikapasuka kwrrr mbele ya macho yangu, akaitupa kwenye ndoo. Akajipigia, akaweka sikioni sekunde tatu akiwa amesimama wima kama mlingoti, kioo kikazima. "Mbona nzima." Nikamwambia kaka jaribu kugeuka, jaribu kuhamisha sikio. Akahamisha, kioo kikawaka, akakizima haraka kwa kidole akidhani sijaona!

Nikamuuliza basi kama siyo protekta, protekta yangu nani analipa. Kimya. Nikamuuliza waranti inasemaje. Eti waranti ni kwa kitu kilichoharibika, hii haijaharibika, ndivyo ilivyotengenezwa. Yaani fikiria hiyo sentensi. Ingekuwa mbovu ningesaidiwa, kwa kuwa imezaliwa hivyo nirudi nayo nyumbani. Afu ndo akamalizia, bado anachati, "dada angu siku hizi watu hawapigi simu bwana, wanatuma voisi."

Hawapigi simu. Kwenye kaunta ya simu.

Nilitoka pale mikono inatetemeka. Sikumjibu, na jibu zuri lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani, kama kawaida.

Kosa langu nalikubali. Nilisoma kila kitu kuhusu Nyeusi isipokuwa mstari mmoja. Ukienda kwenye kurasa za sifa za simu kama GSMArena chini kabisa kuna mstari wa sensa, ukikuta wameandika "virtual proximity" ujue ndo hiyo ya kubahatisha. Wale wa kufungua maboksi hawasemi kwa sababu hakuna aliyepiga simu, wanapiga picha za maua. Ukiwa dukani fanya hivi: piga simu, ilaze mezani isitikisike, ziba pale juu kwa kiganja. Yenye infraredi inazima papo hapo hata kama imelala. Ya kwangu inaniangalia tu. Au chukua simu nyingine, washa kamera ya selfi, elekeza pale juu ya simu iliyo kwenye maongezi, ukiona kidoti cha zambarau kinapepesa basi kidude kipo, ni kama ule mchezo wa kupima rimoti ya TV kwa kamera. Siyo kila kamera inaona, ila nyingi za selfi zinaona. Kijani ya mdogo wangu ilipepesa kama kimulimuli. Yangu giza.

Kwa hiyo nikaomba tubadilishane. Wiki moja tu nikamwambia, akakubali haraka mno, ningeshtuka hapohapo.

Kijani kwenye kupiga simu, jamani. Unaweka sikioni giza, unatoa mwanga, unaweka giza. Nilimpigia mama mkwe mwenyewe kwa hiari yangu, nikasema shikamoo moja tu ikafika. Marahaba. Nilitamani kulia. Nikasema basi, narudia kwa kila mtu, nunua Kijani, achana na urembo.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza.

Siku ya pili nikatoka nje juani kusoma meseji, kioo hakionekani, nimekikinga na mkono kama mtu anayechungulia dirishani. Mtoto kafanya kitu cha kuchekesha, nabonyeza kamera, inafikiria, inafikiria, picha imetoka mtoto ana mikono sita. Ukifungua programu tatu inaanza kuhema, na ile RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kuongeza waliyoichora kwenye boksi siyo RAM, ni kipande cha hifadhi kimevalishwa jina, hifadhi yenyewe kasi yake haifiki huko. Chaja ndo kabisa, Nyeusi nilizoea naichomeka naoga nikitoka imeshiba, hii unaichomeka kama unapika makande. Na ule weusi wa kijivu usiku! Sikuwahi kudhani nitakumbuka weusi.

Siku ya nne au ya tano nikamwambia mdogo wangu haya lete yangu. Akasema wiki haijaisha. Wiki ikaisha akasema subiri kidogo. Nikamuuliza kwani wewe shavu halikukati? Akaniangalia kama nimeuliza swali la ajabu, akasema "dada mi sipigi simu, natuma voisi."

Yaani yule kijana wa kaunta alikuwa anamsema huyu. Nilikasirika upya, safari hii bila kujua namkasirikia nani. Maana kama kweli kuna watu mamilioni kama mdogo wangu, ambao kwao simu ni kamera na kioo na kupiga ni jambo la dharura, basi aliyekitoa kile kidude alipiga hesabu zake na hesabu zikakubali. Mimi ndo nimebaki nje ya hesabu, mimi na mama mkwe wangu. Ila bado nasema wangeandika kwenye boksi. Wameandika kamera ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya megapikseli 2 ambayo haina kazi duniani, wakashindwa kuandika "kioo kinaweza kisizime ukiweka sikioni"?

Ukiniuliza leo ununue ipi, leo nasema Kijani. Ungeniuliza jana mchana, nikiwa juani, ningesema Nyeusi na ununue earphone za waya, ukiongea kwa earphone shavu halihusiki, nilijaribu, inafanya kazi, ila sasa nimenunua simu ili nitembee na waya mfukoni? Nimejaribu pia kuzoea kubonyeza kitufe cha pembeni kuzima kioo kwa mkono kila nikipokea. Inasaidia mpaka siku unaposahau, na mimi kusahau nimezaliwa nako kama Nyeusi ilivyozaliwa na lake. Kuna apdeti ilikuja ikasema imeboresha mambo ya simu za sauti, niliona nafuu kama siku mbili, au nilijipa moyo tu. Protekta sijalipwa.

Hivi ninavyoandika Nyeusi bado iko kwa mdogo wangu na picha zangu zote ziko humo. Juzi kapata dharura, na dharura haingoji voisi, akanipigia kweli kweli. Nikapokea kwa Kijani, giza safi sikioni, namsikia anasema "dada naomba uni" kikakatika. Akapiga tena. "Dada sikiliza, naomba" kikakatika. Ya tatu sikusikia neno, nilisikia piiii ndefu ya vitufe na pumzi za mtu anayegombana na shavu lake. Sikupiga mimi, nilikaa nikangoja. Baada ya dakika moja ikaingia voisi, anahema, "dada hii simu yako ina nini?"

Nikamjibu kwa voisi pia. Kwani si ndo wanatuma voisi siku hizi.